Picha ya Joto ya Ruksa

Mapera, Mbinga
10 Mei 1998

Kwa mwanangu Hyasinti,

Pokea salamu za nyumba yote. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia, ambalo limechoka kubeba majani chini ya mvua za Elinino. Baba yako anakohoa lakini anasema kikohozi chake si cha kuandikiwa barua. Mama yako anauliza kama bado unavaa sweta. Nimemwambia Morogoro hakuna baridi, hakuamini. Nawe u hali gani? Chakula cha chuo kinashuka?

Nina jambo, nalo ni la Ruksa.

Unajua sharti la kikundi chetu cha wafugaji. Ng'ombe unayepewa si wako mpaka azae ndama jike, na ndama huyo umkabidhi kwa anayefuata kwenye foleni. Ruksa amezaa mara mbili, madume yote. Anayefuata ni Luisa wa Liuli, kule ziwani. Banda lake lilikuwa tayari siku nyingi, na sasa wanalala humo mbuzi wa shemeji yake. Kila lori linalopanda kutoka ziwani huniletea salamu zake na fungu la usipa, wale dagaa wa ziwani. Hajawahi kuuliza habari za ndama. Ndiyo maana usipa wake haunipiti kooni.

Tangu Februari maziwa ya Ruksa yamepungua. Dume la kikundi likiletwa, anajibanza ukutani na kulikwepa. Bwana mifugo amemtazama: kiwele safi, macho maangavu, joto la mwili la kawaida. Anakula, ingawa kwa uvivu. Hachechemei. Ildefonsi, mwenyekiti wetu, alisema kikaoni, "Emerensiana, ng'ombe asiyezaa wala kutoa maziwa ni nyama inayochelewa." Anataka auzwe buchani Mbinga mjini na mimi nirudi mkiani mwa foleni. Nilimjibu kwamba hata yeye alichelewa kuoa na hakuna aliyempeleka buchani. Watu walicheka, lakini kicheko si kura. Kamati itaamua mwezi wa saba, uchumaji wa kahawa ukishaanza.

Ruksa akienda, ndama wa Luisa ameenda naye kabla ya kutungwa. Wewe unasomea mifugo. Niambie ng'ombe anaumwa nini wakati haonekani kuumwa.

Ni mimi shangazi yako,
Emerensiana


Morogoro
2 Juni 1998

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima na mwenye njaa ya kawaida ya mwanafunzi. Mwambie mama sweta lipo. Mpe baba pole ya kikohozi, hata kama hakitaki.

Nimemsomea barua yako mwalimu wangu, Daktari Urbani. Alicheka pale pa Ildefonsi kuoa, kisha akaacha kucheka na kusema, "Huyo ng'ombe ana kitu mahali ambapo hawajatazama."

Sikiliza. Chuoni tumeazimwa kamera kutoka nje. Kwa umbo ni kama ile ya video ya harusi, lakini haipigi sura, inapiga joto. Ukipitisha kiganja karibu na pasi bila kuigusa, unajua kama ina moto. Kamera hii inafanya kazi ya kiganja hicho kwa macho. Palipo na joto panaonekana pekundu au peupe, palipo na baridi panaonekana bluu. Kidonda kinachoanza chini ya ngozi hupandisha joto mahali pake kabla mnyama hajachechemea, kabla maziwa hayajaharibika. Kipimajoto cha bwana mifugo kinasema kuhusu mwili mzima. Kamera inasema ni wapi.

Daktari Urbani anakuja Mbinga mwezi wa saba kufanya majaribio, halafu anakwenda Kigonsera. Nimemwomba aiweke Mapera kwenye safari yake, amekubali. Atakuja na mwanafunzi mwenzangu, Glorious. Mimi siwezi, nina mafunzo ya vitendo mwezi huo huo. Mwambie Ildefonsi kikao kisikae kabla yake.

Tafadhali mtayarishe Ruksa kwa picha.

Mtoto wa kaka yako,
Hyasinti


Morogoro
4 Julai 1998

Shangazi,

Shikamoo. Sina nafasi ya salamu ndefu, basi la Songea linaondoka na barua hii naipa mkononi mwa kondakta.

Usimwogeshe Ruksa. Usimpake kitu chochote. Siku hiyo asikae juani wala karibu na moto wa jikoni. Aachwe kama alivyo, mkavu. Maji na mafuta huficha joto la ngozi na kamera haitaona kitu. Nilipaswa kukuambia mara ya kwanza. Nimekumbuka leo mafunzoni, jasho likanitoka.

Mwanao,
Hyasinti


Mapera
19 Julai 1998

Mwanangu Hyasinti,

Salamu kutoka kwa sisi sote, tu wazima. Kikohozi cha baba yako kimekwisha bila kuandikiwa barua. Barua yako ya haraka imefika jana. Wageni walikuja Alhamisi.

Basi sikia mambo yalivyokwenda, na ukae chini.

Uliandika nimtayarishe kwa picha. Hapa Mapera hakuna kiumbe anayepigwa picha bila kuoga. Jumatano nilichota maji, Alhamisi alfajiri nikayapasha moto kwa sababu baridi ya mwezi wa saba unaijua. Nilimwogesha Ruksa kwa sabuni ya mche. Benadetha jirani alileta mafuta ya alizeti, tukampaka mpaka akang'aa. Mama yako akaleta rangi nyeusi ya viatu, ile ya baba yako ya Jumapili, tukampaka kwato zote nne. Shingoni nikamfunga kitambaa cha sikukuu. Watu walijaa uani na nguo za kanisani, wakidhani wataingia kwenye picha pamoja naye.

Daktari Urbani alishuka kwenye gari, akamtazama Ruksa, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Mama, nani amempaka rangi ya viatu?"

"Mimi. Hawezi kupigwa picha na miguu michafu."

"Ni kazi nzuri," akasema. "Sijawahi kuona ng'ombe msafi hivi. Na leo ningependa kuona mchafu."

Waliwasha kamera. Kwenye kioo chake Ruksa alikuwa bluu kuanzia pembe mpaka mkia. Ildefonsi akachungulia na kusema, "Mwaona. Hata mashine imemkuta hana uhai. Kamati ikae." Wajumbe walikuwa wameshaanza kutafuta pa kukaa. Nikasimama mbele ya Ruksa. Daktari akasema kwa upole kwamba amesafiri tangu Morogoro kwa ajili ya ng'ombe huyu na atamsubiri akauke. Glorious akamfuta kwa magunia, mafuta akayatoa kwa sabuni na majivu, tukamfunga kivulini upande ambao moshi wa jikoni haufiki.

Kusubiri kulikuwa kurefu, nasi watu wa Mapera hatujui kusubiri kimya. Glorious aliielekeza kamera kwa watu ili waione inavyofanya kazi. Wanawake wakajificha nyuma ya migomba, mmoja akiuliza kama inaona chini ya nguo. Glorious akasema inaona joto tu. Benadetha akasema, "Basi isinielekee kabisa, nimetoka kugombana na mume wangu."

Mzee Tarsisi akaleta goti lake la kushoto. Liliwaka kwenye kioo kama kaa la moto, na la kulia likabaki kijani. Mzee akapaza sauti, "Msimu mzima nasema goti linauma, mke wangu anasema ni uvivu wa kuchuma kahawa. Mwiteni aone." Mkewe akaja, akatazama kwa makini, akasema, "Nimeona. Basi na achume kwa lile la kijani."

Ildefonsi naye hakukubali kupitwa. Alikwenda kumleta Malkia, ng'ombe wake, ili daktari aone mfano wa ng'ombe mzima. Hakumwogesha, kwa sababu anaamini Malkia hahitaji. Kamera ilipofika kwenye kiwele, robo moja ya nyuma ilikuwa nyekundu kuliko nyingine zote. Daktari akaomba akamuliwe kidogo juu ya kitambaa cheusi. Maziwa yalitoka safi. Ildefonsi akasema, "Kwa hiyo mashine yako inasema uongo kwa ng'ombe wangu, halafu itasema kweli kwa nani?"

Daktari hakubishana. Alimwambia, "Mzee, kila asubuhi kamua robo hii kwanza, juu ya kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, usingoje hata siku moja." Akaniachia mimi dawa ya kuingiza kwenye chuchu, kwa sababu Ildefonsi alikataa kuipokea mbele ya watu.

Jua lilipopita kichwani Ruksa alikuwa mkavu. Wakampiga tena. Mwanangu, safari hii alikuwa kijani mwili mzima, sawasawa, isipokuwa mguu wa nyuma wa kushoto. Juu ya ukwato palizungukwa na wekundu, kama amevaa soksi mguu mmoja. Daktari akainama, akabonyeza pale pekundu kwa kidole gumba. Ruksa, ambaye hajawahi kumpiga mtu teke, alimpiga teke. Ndoo iliyokuwa karibu ikaruka mpaka shambani kwa Benadetha, kwenye mashimo ya ngolo ya kukingia maji ya mvua.

Wakamlaza, daktari akachonga ukwato. Chini ya rangi ya viatu na chini ya ukwato mgumu kulikuwa na usaha. Ulipotoka, Ruksa alivuta pumzi ndefu. Mimi pia.

Daktari akaeleza mbele ya kamati. Hachechemei kwa sababu siku nzima yumo bandani, hana pa kwenda, ila hukaa ameegemea upande mmoja. Analikwepa dume kwa sababu miguu ya nyuma haiwezi kuubeba uzito wake. Maziwa yanapungua kwa sababu maumivu yanakula chakula chake. Kisha akaingia bandani, akatoka na kuniuliza nani aliyeinamisha sakafu.

Hapo nilitaka kumjibu vibaya. Wewe unajua jinsi nilivyojivunia banda lile. Sisi tunalima milimani, kila tunachojenga tunafikiria kwanza maji yatashukia wapi. Sakafu niliinamisha kwa makusudi, ili mkojo na mbolea viteremke vyenyewe shambani. Daktari akanionyesha. Hori liko juu, Ruksa anakula akiwa ametazama mlima, uzito wote unaangukia miguu ya nyuma, na miguu ya nyuma ndiyo inayosimama kwenye maji yanayoteremka. Mvua za mwaka huu hazikumpa hata siku moja ya kukauka.

Ildefonsi akasema mguu wa ng'ombe si hoja, kamati ilikuja kuamua. Wajumbe wakamtazama Ruksa, wakatazama usaha chini. Wamempa mpaka Krismasi. Asiposhika mimba, atauzwa.

Sasa niambie la kufanya, na safari hii uandike yote kwenye barua moja.

Shangazi yako mwenye ng'ombe safi,
Emerensiana


Morogoro
8 Agosti 1998

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini bega, mguu na goti vyote viko salama. Mimi mzima.

Daktari Urbani amerudi. Ameionyesha darasani picha ya kwanza ya Ruksa, ile ya bluu tupu, ili tujifunze namna ya kutopiga picha. Wanamwita ng'ombe wa harusi. Ya pili ameibandika ukutani ofisini kwake. Aliniambia amepita vijiji vingi na kwenu ndiko alikopigwa teke kwa haki.

Yote katika barua moja, kama ulivyoagiza. Sakafu isawazishwe. Ibaki na mteremko mdogo tu, na uelekee ubavuni, si nyuma ya ng'ombe. Hori lishushwe. Nusu ya banda iwekwe nyasi kavu za kulalia na zibadilishwe zikilowa. Kila asubuhi uoshe ukwato kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha uuchovye kwenye mrututu, ule ule mnaonyunyizia kahawa, ukiwa mwepesi. Mrututu usiuache wazi, asije akaunywa. Mtoe nje atembee kidogo kila siku mahali pakavu. Na kabla ya kukamua, pitisha kiganja juu ya kila ukwato na kila robo ya kiwele. Kamera imerudishwa kwa wenyewe. Kiganja chako kitabaki.

Vipi Malkia wa mzee Ildefonsi? Daktari anauliza kila wiki.

Mwanao,
Hyasinti


Mapera
11 Oktoba 1998

Mwanangu Hyasinti,

Salamu nyingi. Tu wazima na tumechoka, kahawa imekwisha mitini na wanunuzi binafsi wamejaa barabarani, kila mmoja na mizani yake. Mama yako amenunua rangi mpya ya viatu na ameificha.

Banda limesawazishwa. Niliita ngokela, nikapika pombe, watu wakaja na majembe kama wanavyokuja kulimiana mashamba. Palipokuwa panateremka sasa unaweza kuweka kikombe kimejaa. Mzee Tarsisi alikuja na goti lake, akakaa kusimamia.

Sasa ya Malkia. Jumapili ya pili baada ya wageni kuondoka, misa imekwisha, nilisikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba. Ildefonsi. Alikuwa amepita njia ya shambani ili asionekane, na mkononi alikuwa na kitambaa cheusi kimekunjwa. Alikifungua. Mabonge.

"Emerensiana," akasema, "yule daktari alikuachia dawa?"

"Aliniachia."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya ng'ombe ambaye mashine ilimsingizia."

Nikamwonea huruma kidogo, si nyingi. Tulikwenda pamoja kumtibu Malkia. Alipona, na robo yake imebaki. Daktari wa mifugo wa mjini, aliyekuja kumtazama baadaye, alisema wengi huja wakati chuchu imeshakufa. Mwambie Daktari Urbani hivyo. Na mwambie kwamba siku ya ngokela mtu wa kwanza kufika na jembe alikuwa Ildefonsi, na kwamba siku hizi anapita banda kwa banda kuwafundisha watu kupima kwato kwa kiganja, kana kwamba ni yeye aliyebuni.

Ruksa anakanyaga miguu yote minne. Mwishoni mwa mwezi wa tisa alianza kulia usiku na mchana akitaka dume. Tulimleta. Safari hii hakujibanza ukutani. Alisimama.

Hatujui bado. Luisa ametuma usipa.

Shangazi yako,
Emerensiana


Mapera
6 Julai 1999

Hyasinti,

Salamu. Amezaa leo asubuhi, wote wawili wazima.

Jike.

Shangazi


Dodoma
2 Agosti 1999

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako fupi imenifuata kutoka Morogoro mpaka huku. Nimemaliza chuo na nimeajiriwa na shirika la mifugo, nashughulikia ng'ombe wa Wagogo ambao hawajaogeshwa kwa ajili ya mtu yeyote. Afya njema, vumbi jingi.

Nilisoma neno lile moja nikiwa nimesimama posta. Mama mmoja kwenye foleni akaniuliza kama nimepata mtoto. Nikamwambia ndiyo, jike. Akanipongeza, nami sikumsahihisha.

Siku ya kumkabidhi kwa Luisa mwakani, akishakua, sitakuwepo, likizo yangu haitakuwa imefika. Niandikie yote. Na uniambie ukweli kama utalia, maana mama anasema utalia.

Mwanao,
Hyasinti


Mapera
23 Julai 2000

Mwanangu Hyasinti,

Salamu kutoka kwa wote. Tumerudi jana kutoka ziwani, mimi, Benadetha na Ildefonsi, wazima ingawa mifupa inalalamika. Lori lilishuka milima mpaka Mbamba Bay, kisha tukaenda kando ya ziwa hadi Liuli. Ndama alisafiri vizuri. Benadetha alitapika.

Luisa alitupokea barabarani na watu wake wote wakiimba. Mbuzi wa shemeji walikuwa wameshahamishwa, na shemeji mwenyewe alisimama pembeni amenuna. Luisa ni mwanamke mdogo wa umbo kuliko nilivyomfikiria, na sauti yake inatosha kanisa zima. Kabla ya kutusalimia alimzunguka ndama, akagusa kwato moja baada ya nyingine, kisha akaja kunishika mikono.

"Dada, karibu. Samahani kwa kukusumbua miaka yote."

"Hukunisumbua. Hukuniuliza hata mara moja."

"Ningeulizaje? Ng'ombe si mashine ya kusaga."

"Lakini usipa ulituma."

"Usipa ulikuwa salamu tu."

"Kwangu ulikuwa swali," nikasema, "na kila wiki nilikula swali hilo na ugali." Alicheka mpaka akakaa chini.

Ildefonsi alitoa hotuba. Alieleza kamera, alieleza kiwele, alieleza mguu, na katika maelezo yake mtu aliyeshauri tusubiri Ruksa akauke alikuwa yeye. Benadetha akanikanyaga nisiseme. Kasisi wao wa Anglikana alimbariki ndama kwa maneno machache. Ildefonsi, ambaye ni Mkatoliki, alisema amina kwa sauti kubwa kuliko Waanglikana.

Sharti linasema anayepokea ndiye anayetoa jina. Luisa amemwita Mapera. Watoto wa Liuli tayari wanaliita jina hilo kwa wimbo. Nilimkabidhi kamba, akaipokea kwa mikono miwili. Ndama alinifuata hatua chache, kisha akaona majani mabichi horini, akageuka.

Mwaka jana uliuliza kama nitalia. Benadetha atakuambia nililia, lakini yeye alikuwa upande wa pili wa lori na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kutapika.

Kabla ya kuondoka, Ildefonsi alisoma mbele ya watu wote wa Liuli kwamba kuanzia siku ile Ruksa si ng'ombe wa kikundi tena, ni wa Emerensiana. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nafikiria lori, na njia, na nani amemkatia majani.

Tulifika jana magharibi. Niliweka mzigo chini, nikanawa, nikachukua ndoo. Nilipitisha kiganja kwenye kwato na kwenye kiwele, pote palikuwa sawa. Nikakaa kumkamua. Nimemkamua ng'ombe huyu siku nyingi, lakini jana ilikuwa mara ya kwanza kumkamua ng'ombe wangu.

Maziwa ni yale yale.

Shangazi yako,
Emerensiana